Namna ya Kujadili Dai la Kuchota Nishati Mara kwa Mara Kutoka Kwenye Uga

Dai hili huja kwa sura nyingi: gurudumu lililopachikwa sumaku pembezoni ambalo mwenyewe anasema litazunguka bila kuguswa, vyuma vilivyopangwa ili vielemee upande mmoja daima, koili inayosemekana kutoa umeme mwingi kuliko uliotiwa. Kiini cha yote ni kimoja, nacho ni kwamba uga (yaani eneo ambalo kani ya kitu fulani huhisika) wa sumaku, wa umeme tuli au wa uvutano wa dunia upo wakati wote na hauonekani kuchoka, hivyo mtu mwerevu anaweza kuchota nishati humo leo, kesho na keshokutwa bila kuupunguza. Mjadala juu ya dai hili mara nyingi huharibika mapema, kwa sababu upande mmoja hutaja kanuni ya kuhifadhika kwa nishati, kwamba nishati haiumbwi wala haipotei, kana kwamba ni amri ya serikali, na upande wa pili huona umefungiwa mlango. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuuendesha mjadala huo kwa hoja na vipimo, ili anayedai na anayepinga wote wajue tangu mwanzo ni jambo gani litakaloamua.

Andika dai kabla ya kulijibu

Hatua ya kwanza ni kumwomba mwenye dai aseme kwa maandishi ni nishati kiasi gani itatoka, kwa muda gani, na ni vitu gani vitakavyobaki vile vile baada ya nishati hiyo kutoka. Sehemu hii ya tatu ndiyo yenye uzito. Hakuna anayebisha kwamba uga unaweza kutoa nishati mara moja: nazi ikianguka kutoka mnazini, uvutano wa dunia huipa mwendo, msumari ukirukia sumaku, uga wa sumaku huupa mwendo. Ubishi uko kwenye mara ya pili. Ili nazi ianguke tena ni lazima irudishwe juu, na ili msumari uruke tena ni lazima ubanduliwe, na dai lolote la kuchota mara kwa mara halina budi kuonyesha ni nani aliyelipa kazi hiyo ya kurudisha au kubandua. Kwa hiyo sentensi ya dai isomeke karibu na hivi: mashine itakamilisha mzunguko, kila sehemu yake itarudi mahali ilipokuwa na katika hali iliyokuwa nayo, na bado kutakuwa na nishati iliyotoka nje. Dai likiandikwa hivyo, mabishano mengi huisha yenyewe, kwa kuwa vielelezo vingi vinavyoonyeshwa kwenye video hukoma kabla mzunguko wa kwanza haujafungwa.

Hapo hapo ondoa mkanganyiko mmoja unaojirudia sana, ule wa sumaku iliyonata kwenye mlango wa jokofu kwa miaka mingi bila kuanguka, ambayo mtu huuliza nishati yake inatoka wapi. Sumaku hiyo ina kani, lakini haifanyi kazi katika maana ya fizikia, kwa sababu kazi ni kani ikizidishwa kwa umbali ambao kitu kimesogea kuelekea upande wa kani hiyo. Nguzo ya nyumba hubeba paa kwa miaka hamsini na haihitaji kulishwa chochote. Kani ya kudumu haithibitishi nishati ya kudumu, na mjadala usiendelee kabla pande zote mbili hazijakubaliana juu ya hilo.

Dai mzunguko mzima

Katika uga usiobadilika kwa wakati, yaani uvutano wa dunia, chaji za umeme zilizotulia, au sumaku za kudumu zilizofungwa mahali pake, kazi inayopatikana kwa kutoka mahali pamoja hadi pengine hutegemea sehemu hizo mbili tu. Njia iliyopitwa, iwe fupi au ndefu, iliyonyooka au yenye kona, haibadilishi hesabu. Matokeo yake ni kwamba kitu kikiondoka na kurudi pale pale, kilichopatikana na kilichotumika hulingana kabisa, na msuguano huchukua kilicho chake juu ya hapo. Mwanahisabati wa Ujerumani Emmy Noether alionyesha mwaka 1918 chanzo cha jambo hili kilicho ndani zaidi: pale ambapo kanuni zinazotawala mfumo ni zile zile leo na kesho, kuna kiasi ambacho hakiongezeki wala hakipungui, nacho ndicho tunachokiita nishati. Anayetaka kuvunja hesabu hii kwa uga uliotulia anadai kwamba uga wenyewe si ule ule saa mbili baadaye, na ni haki kumwomba aonyeshe hivyo.

Mfano mzuri wa kufundishia ni Mto Tana nchini Kenya, ambako maji yale yale hupita Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, na katika kila kituo huzungusha mitambo na kutoa umeme. Mtu anaweza kusema kwamba hapo nishati ya uvutano imechotwa mara tano kutoka maji mamoja. Ukweli ni kwamba kila kituo kimechukua kipande chake cha mteremko, na hakuna kipande kilichouzwa mara mbili. Maji yakifika Bahari ya Hindi mteremko umekwisha, na kinachoyarudisha juu ya milima ni jua, linalovukiza maji na kuendesha pepo zinazoleta mvua. Ukifuata mzunguko mzima namna hii, uvutano wa dunia unaonekana kuwa njia ambayo nishati imepitia, na jua linaonekana kuwa mlipaji.

Sasa chukua kielelezo ambacho watu wengi wamekiona: gololi ya chuma inayopanda mteremko mdogo katikati ya safu mbili za sumaku zinazokaribiana kadiri zinavyosonga mbele, kisha inaanguka mwishoni. Gololi kweli inapanda, na kuipinga sehemu hii ni kupoteza imani ya msikilizaji bure. Swali ni jinsi inavyotoka. Sumaku zinaivuta kuelekea pale ambapo uga una nguvu zaidi, na zikishaifikisha hapo hazitaki kuiachia. Ikianguka, inaanguka ikiwa imeshikwa kwa nyuma, na kasi inayobaki nayo ni ndogo kuliko ile ambayo kimo hicho kingeipa bila sumaku. Mwombe mwenye kielelezo aweke mfereji unaoirudisha gololi mwanzoni yenyewe, kisha aondoe mkono wake kabisa. Mkono ule unaoiokota na kuiweka tena ndio unaolipa, na kwa kawaida ndio sehemu ya video isiyotazamwa na mtu.

Jibu linalofuata huwa ni kizuizi: bati la chuma litaingizwa mbele ya sumaku wakati gololi inatoka, ili uga ukatwe. Lakini bati linaloweza kukata uga ni bati linalovutwa na sumaku, na kulichomoa kwahitaji kazi isiyopungua ile iliyookolewa. Vivyo hivyo kwa sumaku ya umeme inayowashwa na kuzimwa: uga unaoanzishwa hujengwa kwa nishati ya betri. Usiseme tu kwamba haiwezekani. Chora mstari kuzunguka mashine yote, pamoja na bati, betri na mkono, kisha uliza tena.

Hoja ya namna hii ina historia yenye heshima. Mwaka 1586 mwanahisabati Simon Stevin alifikiria mnyororo wa mipira 14 uliotundikwa juu ya pembetatu yenye mteremko mmoja mrefu mara mbili ya mwingine, ambapo mipira 4 imelala upande mrefu, 2 upande mfupi, na iliyobaki inaning'inia chini kwa ulinganifu. Kama ile 4 ingeizidi nguvu ile 2, mnyororo ungeteleza, mpangilio ungebaki ule ule, na ungezunguka milele. Stevin akaliona hilo kuwa si kweli, na kutokana na kulikataa akapata kanuni sahihi ya mizani kwenye mteremko. Napenda kuutumia mfano huu katika mijadala kwa sababu unaonyesha kwamba kukataa mwendo wa milele kumezaa maarifa mapya, na hakujatumika tu kama rungu la kuwanyamazishia wavumbuzi.

Pima kani kwa mzunguko mzima

Kwa mashine ya sumaku inayozunguka, kuna kipimo ambacho hata shule isiyo na maabara kubwa inaweza kukifanya. Funga mkono wa mbao wa sentimita 20 kwenye mhimili, uache ncha yake iegemee mizani ya jikoni ya kidijitali, na uandike kipimo katika kila nyuzi 10, hadi upate vipimo 36. Pale kani inapobadili upande, hamishia mizani upande wa pili na uandike kipimo hicho kwa alama ya kutoa. Fanya mzunguko mmoja kwa kwenda na mwingine kwa kurudi, kisha chukua wastani wa hizo mbili ili msuguano wa beringi ujifute. Jumlisha vyote. Mashine ikiwa na ziada ya kweli, jumla itakuwa kubwa waziwazi kuliko kosa la kipimo. Ikiwa haina, utaona vilele vikubwa vya kusukuma vikifuatwa na mashimo ya kuvuta yanayolingana navyo. Mara nyingi mvumbuzi amehisi kile kilele kwa kidole na kukiamini, asitambue kwamba shimo lake ni jembamba lakini refu. Ndiyo maana, pale sumaku zinapokaribiana sana, vipimo vya kila nyuzi 10 havitoshi na inafaa kushuka hadi nyuzi 5 au 2.

Kipimo cha pili ni cha muda wa kusimama. Zungusha rota, yaani sehemu ya mashine inayozunguka, hadi kasi inayojulikana, uiache, na uhesabu sekunde hadi itulie. Kisha ondoa sumaku, weka vipande vya shaba nyeupe vyenye uzito ule ule, urudie. Rota yenye sumaku mara nyingi husimama mapema zaidi, kwa sababu mikondo ya umeme huzuka ndani ya metali iliyo karibu na kuurudisha nyuma mwendo. Usistaajabie tu mwendo wa muda mrefu. Sahani ya kilo 5 yenye nusu kipenyo cha sentimita 20, ikizunguka mara 600 kwa dakika, imebeba juli 197 hivi, na kama inapoteza wati 0.5 kwa wastani itaendelea kwa zaidi ya dakika sita bila kupewa chochote.

Hesabu ghala lenyewe

Watu wengi hudhani sumaku kali ina hazina kubwa ya nishati. Hesabu yake ni nyepesi: uga wa tesla 1 (tesla ni kipimo cha nguvu ya uga wa sumaku) una takriban juli 0.4 katika kila sentimita moja ya ujazo. Hiyo ni nishati ya kuinua kilo moja kwa sentimita 4. Betri ya simu ya miliampea-saa 4,000 hubeba takriban juli 55,000. Kwa hiyo hata kama mtu angeweza kuukamua uga wa sumaku mpaka tone la mwisho, na sumaku yenyewe ikafa katika kufanya hivyo, asingepata cha kuwasha taa. Hesabu hii husaidia kwa sababu inaondoa njia ya kati ambayo wadai wengi huikimbilia, wakisema kwamba nishati inatoka kwenye sumaku zenyewe na kwamba sumaku zitabadilishwa kila baada ya miaka kumi.

Uliza nani anaubadilisha uga

Hapa ndipo anayepinga anapaswa kuwa mwangalifu kuliko mahali pengine popote, kwa sababu nyuga zinazobadilika kwa wakati hutoa nishati mara kwa mara kwa kweli, na anayelikana hilo atashindwa mjadala kwa haki. Tangu majaribio ya mwanasayansi Michael Faraday mwaka 1831 tunajua kwamba uga wa sumaku unaobadilika huzalisha umeme katika kitanzi kilichofungwa, na katika hali hiyo ile hesabu ya njia haihusiki tena. Redio ya fuwele, ile ndogo inayoendeshwa na mawimbi ya redio yenyewe, hucheza bila betri kwa sababu mtambo wa kurushia matangazo unalipa. Saa ya Beverly iliyoko Dunedin, New Zealand, imekuwa ikijazwa tangu mwaka 1864 na mabadiliko ya joto na ya kanieneo ya hewa, na anayelipa ni hali ya hewa, ambayo nayo hulipwa na jua.

Mfano ulio mkubwa zaidi ni wa bahari. Wakazi wa pwani wanajua bamvua na maji mafu, na wanajua kwamba maji hujaa na kupwa kila siku bila kukosa. Huko La Rance, Ufaransa, kituo cha megawati 240 kimekuwa kikichota nishati hiyo tangu mwaka 1966. Je, hapa hatuchoti uga wa uvutano wa mwezi mara kwa mara? Tunatumia uga, ndiyo, lakini kinacholipa ni mzunguko wa dunia kwenye mhimili wake. Msuguano wa maji na ardhi huipunguzia dunia kasi, siku ikarefuka kwa takriban milisekunde 2 katika kila karne, na mwezi ukasogea mbali kwa sentimita 3.8 kila mwaka, umbali unaopimwa kwa leza zinazoelekezwa kwenye vioo vilivyoachwa huko kuanzia safari ya Apollo 11 mwaka 1969. Ghala ni kubwa mno, lakini linapungua na kupungua kwake kumepimwa.

Mwezi Februari 1996 chombo cha anga za juu cha Marekani, Columbia, kilifungua waya mrefu angani ukikata uga wa sumaku wa dunia, na ulipofikia kilomita 19.7 ulikuwa na takriban volti 3,500 kati ya ncha zake kabla haujakatika. Mtu atasema huo ni umeme wa bure kutoka uga wa dunia. Mkondo ukipita katika waya ule, uga ule ule huusukuma nyuma, na chombo hupoteza kimo cha obiti yake. Kwa hiyo roketi iliyokipandisha chombo ndiyo iliyolipa. Katika kila mfano wa aina hii, jibu la haki kwa mwenye dai ni swali: katika mashine yako, ni kitu gani kinachopungua, na umekipima? Akikionyesha, hana tena mashine ya ajabu, bali ana mtambo wa kawaida unaostahili kupimwa ubora wake kama mitambo mingine.

Mikondo ya mapigo na mita zinazodanganya

Dai likiwa la umeme, makosa mengi hutokana na vipimo vyenyewe. Chukua mashine inayovuta ampea 10 kwa volti 12 katika sehemu moja ya kumi ya muda, na kutoa volti 100 kwa ampea 1 katika sehemu hiyo hiyo moja ya kumi. Wastani wa kweli ni wati 12 zinazoingia na wati 10 zinazotoka. Mtu akisoma wastani upande wa kuingia na vilele upande wa kutoka, ataandika 12 na 100, na atalala akiamini amegundua jambo. Volti na mkondo vizidishwe papo kwa papo, kwa osiloskopu (kifaa kinachochora umbo la umeme kadiri muda unavyopita), na wastani uchukuliwe baada ya kuzidisha.

Njia salama zaidi ni kuziacha mita na kupima joto. Kinachotoka kipitishwe katika hita ndogo ndani ya lita moja ya maji iliyofunikwa vizuri. Kupandisha maji hayo nyuzi moja ya Selsiasi kwahitaji takriban juli 4,200. Wati 100 zikitoka kweli kwa dakika kumi, maji yatapanda nyuzi 14 hivi. Maji hayajali umbo la mapigo. Na betri ya upande wa kuingia iondolewe, iwekwe kapasita (kifaa kinachotunza chaji ya umeme) ya ukubwa unaojulikana, kwa sababu betri ndogo ya volti 12 na ampea-saa 7 inaweza kulisha kifaa cha wati 5 kwa zaidi ya saa 16, huku kwa sehemu kubwa ya muda huo volti zake zikionekana kama hazijashuka sana.

Kubalianeni juu ya hukumu kabla ya jaribio

Chuo cha Sayansi cha Paris kiliamua mwaka 1775 kutopokea tena mapendekezo ya mashine za mwendo wa milele. Uamuzi huo ulieleweka kwa taasisi iliyolemewa na maombi, lakini usiutumie kama hoja, kwani kukataa kutazama hakumwonyeshi mtu kosa lake. Hoja bora imo katika kesi ambazo watu walikubali kutazama. Gurudumu la mvumbuzi Johann Bessler, aliyedai kwamba linajizungusha lenyewe, lilifungiwa katika chumba chenye muhuri huko Kassel, Ujerumani, mwishoni mwa mwaka 1717 na kukutwa bado linazunguka majuma kadhaa baadaye. Hata hivyo hakuruhusu wachunguzi waone ndani, na gurudumu halikuacha maarifa yoyote nyuma yake. Kampuni ya Steorn ya Dublin ilitangaza mwaka 2006 katika gazeti la The Economist kwamba ilikuwa na teknolojia ya sumaku inayotoa nishati ya bure, ikaalika wanasayansi, na jopo la watu 22 likatoa kauli ya pamoja mwezi Juni 2009 kwamba uzalishaji wa nishati haukuwa umethibitishwa. Mwezi Desemba mwaka huo huo kampuni ilionyesha kifaa chake hadharani kikiwa na betri ndani.

Huenda mtu akaruka hadi kwenye ombwe la kikwanta, yaani nafasi tupu kama inavyoelezwa na fizikia ya chembe ndogo mno, akitaja kani iliyotabiriwa na mwanafizikia Hendrik Casimir mwaka 1948, ambayo huvutanisha mabamba mawili yaliyokaribiana sana. Kani hiyo ni ya kweli na imepimwa, lakini ni kisa kile kile cha msumari na sumaku: mabamba hukaribiana mara moja, na kuyatenganisha hurudisha deni. Kwa mita moja ya mraba katika umbali wa mikromita moja, nishati yenyewe haifiki hata nusu ya sehemu moja ya bilioni ya juli.

Makubaliano ya jaribio yaandikwe mapema: mashine ifungwe ndani ya nini, nishati ipimwe kwa njia gani, nani ashike funguo, na jaribio lichukue muda gani. Kuhusu muda, fanya hesabu usikisie. Lita moja ya betri za lithiamu inaweza kubeba takriban megajuli 2, kwa hiyo sanduku la lita 10 linaweza kuficha megajuli 20, nishati inayotosha kutoa wati 10 kwa siku 23 mfululizo. Jaribio la majuma mawili kwa sanduku kama hilo haliamui chochote, hata wote waliohudhuria wawe waaminifu. Ama muda uongezwe mpaka upite kiasi hicho mara kadhaa, ama sanduku lifunguliwe mbele ya pande zote mbili kabla halijawashwa.